Kata Moja ya Tembo na Mkono wa Sheha

Kabla hujaandika neno "amelewa" kwenye karatasi ya mgonjwa, mnuse. Ukishamnusa, mnuse tena. Mimi sikunusa. Nilimwona mzee anapepesuka mlangoni mwa hospitali, macho mekundu, kanzu imejaa matope, anatukana kwa Kiarabu fasaha, nikachukua kalamu nikaandika: "Amelewa. Alale." Kumbe ilikuwa malaria iliyompanda kichwani, na yule mzee alikuwa Shehe Masoud, imamu wa msikiti wa Ijumaa. Wala hakuwa akitukana. Alikuwa anasoma dua.

Nyinyi vijana mnaovaa koti jeupe siku hizi mmeniomba niwasimulie kazi yetu ya zamani, na najua mnasubiri habari za sindano za kuchemshwa. Hizo waulizeni wengine. Mimi nitawaambia habari za ulevi, kwa sababu katika miaka yote niliyofanya kazi hapa Pemba sikukutana na jambo gumu kulichunguza kama hilo. Mtu wa kisiwa hiki atakuonyesha jipu lake popote lilipo. Lakini muulize kama amekunywa, utadhani umemuuliza kama amemuuza mama yake.

Nilirudi kutoka chuo cha bara miaka michache kabla ya vita vya pili vya dunia, nina miwani, nina cheti cha utabibu, na nina ubishi usio na dawa. Kila nilichoambiwa nilijibu, "Nani kasema?" Nilimbishia daktari wetu mkuu, Mwingereza mmoja mpole, juu ya kipimajoto chake. Nilimbishia mpishi juu ya chumvi. Mama yangu aliniuliza siku moja, "Mwanangu, na mswaki nao utaubishia?" Nikamwambia inategemea mswaki wenyewe unadai nini.

Mtu pekee aliyenishinda ni Mzee Mbarouk, dresa wetu, mfunga vidonda asiyekuwa na cheti hata kimoja. Yeye alikuwa akimtambua mlevi kwa kumtandikia ukili chini, ule mkanda wa ukindu unaoshonewa mikeka, akamwambia, "Tembea juu yake, halafu unitajie wanao kuanzia mkubwa." Mlevi angeweza kutembea au kutaja watoto, lakini si vyote viwili kwa pamoja. Mmoja alitembea vizuri kabisa akataja watoto saba, na mkewe akapiga ukelele, maana yeye kamzalia wanne.

"Mlevi husema hakulewa," Mzee Mbarouk alinifundisha. "Mwenye pepo husema yeye si yeye. Mwenye malaria hasemi kitu, anataka blanketi. Na usimuulize mtu wa hapa amekunywa nini, yakhe. Muulize alikuwa kwa nani."

Niliandika maneno hayo kwenye daftari, nikaongeza chini yake: "Hayajathibitishwa." Mtanisamehe. Nilikuwa kijana.

Sasa nije kwa Kombo Shaame.

Kombo alikuwa msokota kamba wa Msuka, kule kaskazini kabisa. Kamba zake za makumbi ya nazi zilifungia kila kitu kuanzia ng'ombe mpaka vitanda vya maharusi. Alikuwa mpole kupita kiasi. Kuku wakiingia jikoni kwake, yeye ndiye aliyewaomba radhi. Basi alasiri moja alitoka kupeleka kamba, jua kali, koo limemkauka, akapita kwa mgema wa tembo la mnazi aitwaye Faki, akaketi, akanywa. Muda wa kuiva wali haujapita, akasimama bila kusema neno. Macho yamekodoka, hayapepesi. Akachukua rungu la kupondea makumbi akavunja mitungi ya Faki, akavunja banda la Faki, akashuka pwani akavunja mtumbwi, kisha akarudi juu kwa Faki, na Sheha wa kijiji alipojaribu kumzuia akamvunja mkono. Halafu akalala palepale, kama gogo, akabebwa hadi kwake, asiamke mpaka asubuhi.

Alipoamka nyumbani kwake aliambiwa kuwa Sheha kavunjika mkono. Hakuna aliyethubutu kumwambia nani kamvunja. Kombo akasikitika sana. Akakamata jogoo, akamfunga miguu kwa kamba yake mwenyewe, akaenda kumpa Sheha pole.

Na huko akamkuta askari polisi anaandika maelezo, watu wamejaa uani.

"Pole, Sheha wangu," akasema Kombo, jogoo kwapani. "Nani kakufanyia unyama huu? Mwenyezi Mungu atamlipa."

Askari akamtazama Sheha. "Ndiye huyu?"

Sheha akatazama jogoo, akatazama watu, akatazama mkono wake. "Ndiye," akasema.

Kombo alishitakiwa kwa kumjeruhi mtumishi wa serikali kwa makusudi. Hilo si jambo la faini. Hilo lilikuwa la kwenda jela Unguja kwa miaka mingi, na nyumbani kaacha mke, Bi Mize, na watoto watatu wadogo. Mwendesha mashitaka, Inspekta mmoja mwenye sharubu kama ufagio, alisema hata jogoo ni ushahidi: mshitakiwa alijua kosa lake akaja kuhonga. Mimi niliposikia hayo nilicheka, kisha nikaacha kucheka, kwa sababu hakimu hakuwa amecheka.

Hakimu akaandika barua hospitalini kwetu: mtu huyu akili yake ilikuwaje saa ile? Daktari akaniita, akanieleza sheria kama alivyoijua. Ikiwa Kombo hakunywa kitu, basi alikuwa na akili zake, na alivunja mkono kwa kutaka. Jela. Ikiwa alikunywa mpaka akalewa, ulevi ni wa kujitakia, hauwi udhuru. Jela vilevile. Lakini wapo watu wachache sana, akasema, ambao pombe kidogo tu, isiyoweza kumlewesha mtu mwingine, huwapindua akili ghafla. Hawajui watendalo, hulala usingizi mzito, na wakiamka hawakumbuki. Mtu huyo hahesabiwi kama mlevi wa kawaida.

"Nani kasema?" nikauliza.

"Kitabu," akasema daktari.

"Na mwenye kitabu alipimaje?"

Daktari akavua miwani, akaifuta polepole. "Nenda Msuka," akasema, "ukaniulizie alikunywa kiasi gani."

Nikapanda gari la abiria mpaka Konde, na kutoka Konde kwa miguu. Nilifika kwa Bi Mize nikaketi barazani, nikamweleza kwa adabu kwamba mumewe atasalimika ikiwa tu itajulikana kwamba alikunywa, tena kidogo.

"Mume wangu? Tembo?" Bi Mize akasimama. "Mie nyumba hii haijaingia tembo tangu niolewe! Wee kijana umetoka huko kwenye vyuo kuja kutuvua nguo?"

"Bi Mize, nisikilize. Ukisema hakunywa, wamfunga kwa ulimi wako."

"Heri afungwe mtu safi kuliko aachwe mlevi!"

Mama yake Kombo, bibi kizee aliyekuwa akisuka mkeka pembeni, akasema bila kuinua kichwa, "Ni sheitani. Sheitani wa pwani. Apungwe kwa ngoma, yatakwisha." Nikaanza kumweleza kwa nini sheitani hawezi kuthibitishwa. Akanisikiliza mpaka mwisho, akaniuliza kama nimeoa.

Nikaenda kwa Faki mgema. Nilimkuta anatengeneza banda lake upya, mitungi mipya imepangwa.

"Tembo? Hapa?" akasema Faki. "Mie nauza siki, yakhe. Siki ya kutilia kachumbari."

"Na siku ile walikuja watu wangapi kunywa siki?"

"Hawakunywa. Walionja."

"Wangapi?"

"Siki yangu nzuri," akasema Faki, akapanda mnazi, akakaa huko juu mpaka nilipoondoka.

Msuka nzima ilikuwa hivyo. Kila niliyemuuliza aliapa Kombo hakunywa, na kila aliyeapa alidhani anamwokoa. Mtu wa kisiwa hiki akiona aibu ya mwenzake huifunika, na kufunika huko tumefundishwa ni thawabu. Hawakuwa waongo. Walikuwa wanamsitiri Kombo barabara, moja kwa moja mpaka jela.

Kombo mwenyewe alikuwa amewekwa hospitalini kwetu chini ya ulinzi, katika chumba cha mwisho. Aliponiona nimechoka akanihurumia. "Nilionja kidogo, mwanangu," akanong'ona. "Kata moja tu. Lakini mkono wa Sheha si mimi. Mie siwezi. Nipeni kata nyingine mbele ya macho yenu mwone kwamba mie si mtu wa hivyo."

Daktari naye alikuwa anawaza jambo hilohilo, kwa sababu limeandikwa kitabuni. Basi tukakubaliana: tembo lilelile la Faki, kata ileile moja, kifuu kimoja cha nazi, Kombo akiangaliwa. Lakini Kombo akaweka sharti. Hatakunywa haramu kwa makusudi mpaka shehe atoe neno. Na shehe wa pale, kama mnavyokumbuka, alikuwa Shehe Masoud.

Nilikwenda kwake kichwa chini.

"Wee," akasema Shehe Masoud, "uliyeniandika mlevi mie, leo waniomba ruhusa ya tembo?"

"Shehe, nilikosea. Ni kwa ajili ya kumwokoa mtu na dhuluma."

Akavuta tasbihi yake punje kwa punje. "Haramu haiwi halali kwa sababu daktari kasoma kitabu," akasema. "Lakini dhuluma nayo ni haramu, tena kubwa. Nitakuja. Nitaketi nimeelekea kibla nasoma Yasini. Kinachofanyika nyuma ya mgongo wangu sikioni."

Alikuja kweli, na msahafu wake.

Mimi nikasema jaribio la mtu mmoja halithibitishi lolote, lazima awepo mtu wa pili, wa kawaida, anywe kiasi kilekile tulinganishe. Nani? Mzee Mbarouk alisema yeye ana wudhuu. Mlinzi alisema yuko kazini. Akajitolea karani wetu wa dawa, Mgoa, Mhindi wa Goa, Mkristo, mtu mnene mcheshi. "Kwa ajili ya elimu," akasema, akafungua kifungo cha shati.

Nikapima kata mbili kwa chupa ya kupimia dawa, sawasawa, tone kwa tone. Nikashika saa. Wakanywa.

Dakika tano: hakuna kitu. Karani akasema tembo ni zuri ila changa kidogo. Dakika kumi: karani akaanza kuimba wimbo wa kanisani kwao. Kombo kanyamaza. Nikamuuliza, "Kombo, wajionaje?" Hakujibu. Nikamsogelea nitazame mboni za macho. Hayakupepesa.

Yaliyofuata nawasimulia kama nilivyoelezwa, maana mimi nilikuwa chini ya meza. Kombo alinyanyua kitanda cha chuma kama mtu anayenyanyua ungo. Alikirusha. Alirusha beseni, akarusha kiti, akarusha miwani yangu nikiwa ningali nimeivaa. Mlinzi na Mzee Mbarouk walimkumbatia wakaburutwa naye chumba kizima kama kanga zilizonaswa na mwiba. Daktari alipanda dirishani, anaandika. Karani alihamia ubeti wa pili. Na Shehe Masoud, wallahi, hakugeuka. Alipandisha sauti tu.

Kisha Kombo akaketi sakafuni, akalala.

Aliamka baada ya saa nyingi, akanitazama usoni, akashtuka kwa huruma. "Nani kakuvunjia miwani, mwanangu?"

Akatazama kitanda kilichopinda. Akatazama mkono wa Mzee Mbarouk uliochubuka. Nikaona jambo linamwingia taratibu, kama maji yanavyoingia chomboni.

"Basi mkono wa Sheha," akasema, "ni mimi?"

Akalia kama mtoto. Mimi, niliyebishia kila kitu kwenye kisiwa hiki, sikuwa na la kubisha. Mzee Mbarouk akamfunika shuka. Tulipotoka nje akaniambia, "Mama yake kasema ni sheitani, daktari kasema ni maradhi ya kitabuni. Umeona sasa? Wote wawili walikuwa wakikwambia hakuwa yeye."

Nilidhani tumeshinda. Daktari akatikisa kichwa. "Tumethibitisha kata moja humfanya nini. Hakimu atauliza: nani alimwona Msuka akinywa kata moja, si kumi?"

Nikarudi kwa Kombo. "Kata ile ulipewa na nani? Ulikaa na nani?"

"Nimesahau."

"Umesahau yaliyotokea baada ya kunywa, hilo nakubali. Kabla ya kunywa je?"

Kombo akatazama ukutani. "Hayo nimesahau kwa heshima."

Hebu fikirini. Nimeona watu wakisahau kwa homa, kwa uzee, kwa kuanguka mnazini. Aliyesahau kwa heshima ndiye huyo peke yake.

Nikamlalamikia Mzee Mbarouk, naye akaniuliza, "Sheha alivunjikia wapi?"

"Kwa Faki mgema."

"Na Sheha alikwenda kwa Faki kufanya nini? Kununua siki?"

Nikaliangalia daftari langu, pale nilipoandika "hayajathibitishwa", nikaona haya.

Sheha alinipokea nyumbani kwake, mkono shingoni, kofia yake ya kazi imening'inia ukutani. Alikuwa mzee wa heshima, sauti ndogo. Mwanzoni alisema alikwenda kwa Faki kufukuza walevi. Nikanyamaza. Hilo nalo ni somo, vijana: kunyamaza humvuta mtu kuliko swali. Nilijifunza nikiwa nimechelewa.

"Alikuja ana kiu," akasema Sheha mwishowe. "Nikamwambia keti. Kata nilimpa mimi kwa mkono wangu. Huuhuu."

"Kwa nini basi umeacha ashitakiwe?"

"Askari aliniuliza mbele ya watu. Ningesema nini? Mie ndiye niliyetumwa kukataza tembo." Akaitazama ile kofia. "Nikisema, nitaivaa wapi tena kofia hii? Na wajukuu wangu wataitwa wa nani?"

"Na usiposema, Kombo anakwenda Unguja."

Alinisindikiza mpaka njiani, kwa adabu zote, akaniambia nimsalimie mama yangu.

Siku ya kesi watu walijaa mahakamani hadi madirishani. Mimi nilitoa ushahidi, nikaeleza jaribio letu, kitanda, beseni, miwani. Watu wakacheka, hata hakimu akaficha mdomo. Inspekta akasimama, akasokota sharubu.

"Mtaalamu, wewe ulimpa kata moja."

"Moja."

"Na kule Msuka alikunywa ngapi? Uliona?"

"Sikuona."

"Nani aliona?"

Nikanyamaza, na safari hii kunyamaza hakukumvuta mtu.

Faki akaitwa. Akaapa kwa msahafu kwamba yeye ni muuza siki. Hakimu akamuuliza, kupitia mkalimani, ni kweli watu watano walikaa kwake alasiri nzima wakinywa siki?

"Ni nzuri kwa tumbo, bwana," akasema Faki.

Mahakama ikaangua kicheko. Bi Mize hakucheka. Alikuwa kaketi mbele, mtoto mgongoni, anautazama mdomo wa hakimu kana kwamba Kiingereza nacho kingeeleweka kikitazamwa sana. Inspekta akakaa, kamaliza. Akabaki shahidi mmoja tu, aliyejeruhiwa.

Sheha akapanda na kofia yake. Akaapa kwa mkono mzima. Inspekta akamwuliza ni nani kamvunja mkono, akasema ni Kombo. Akamuuliza wapi, akasema kwa Faki. Vizuri, akasema Inspekta, nenda zako. Sheha hakwenda. Akasimama pale, midomo inacheza.

"Una neno?" akauliza hakimu.

Sheha akavua kofia, akaiweka juu ya meza ya karani wa mahakama.

"Kombo alikunywa kata moja," akasema kwa ile sauti yake ndogo. "Niliona, kwa sababu nilimpa mimi. Ya kwangu ilikuwa ya tano."

Halafu kizimbani pakazuka kelele. Kombo karuka juu, kashika vyuma kwa mikono miwili, machozi yanamtoka.

"Bwana hakimu, usimsikilize! Mwongo! Sheha wetu hanywi! Mkono unamuuma, hajui asemalo! Nifungeni mimi, basi, yaishe!"

Mkalimani alisahau kutafsiri. Inspekta alikuwa mdomo wazi, maana hajapata kuona mshitakiwa akimpinga shahidi anayemwokoa. Hakimu akagonga meza, akagonga tena.

"Kaa chini, Kombo," akasema Sheha bila kugeuka. "Umenisitiri ya kutosha. Leo zamu yangu."

Kombo akaketi.

Hakimu aliandika kwa muda mrefu, tukisikia kalamu tu. Kisha akasoma: tendo ni la Kombo, lakini akili haikuwa naye, wala hakuwa mlevi wa kujitakia kama sheria inavyomjua mlevi. Asipelekwe jela. Akabidhiwe hospitali aangaliwe, na daktari akiridhika arudi kwake, asiguse tembo tena, liwe tamu liwe kali. Bi Mize alimtoa mtoto mgongoni akanipa mimi nimshike, akaanguka kusujudu palepale sakafuni, na mtoto akanikojolea koti jeupe. Sijapata kulivaa koti lililonipendeza vile.

Tulimwangalia Kombo wiki kadhaa. Alitusokotea kamba za vitanda vyote vya hospitali, pamoja na ya kile alichokipinda. Sheha hakuirudia kofia yake. Ilibaki juu ya meza ile, na serikali ikamteua mtu mwingine. Lakini mkienda Msuka mkawauliza wazee watawaambia: yule wa kale waliendelea kumwita Sheha mpaka siku wanamzika, na yule aliyeteuliwa baada yake walimwita kwa jina lake.